Stata ya Pikipiki Ikigoma: Usikimbilie Kununua Mpya

Kama nyumbani kwako au kwa jirani yako kuna pikipiki, bila shaka umepata kuiona siku yake ya ukaidi. Mwenyewe anageuza ufunguo, anabonyeza kitufe cha stata, na chombo kinajibu "tak!" halafu kimya. Anabonyeza tena: "tak!" Watoto wamekwisha kusanyika kutazama. Mwishowe anapiga kiki mpaka jasho linamtiririka, au anawaomba vijana wamsukume. Kesho yake anakwenda mjini na fedha mfukoni kununua stata mpya.

Leo tunataka kuzungumza nawe juu ya safari hiyo ya mjini, kwa sababu mara nyingi ni safari ya bure. Stata yenyewe, yaani ile mota ndogo ya umeme inayozungusha injini, ni chombo kigumu kisichokufa upesi. Vinavyokufa upesi ni vile vidogo vilivyo nyuma yake: betri, vichwa vya betri, waya, fyuzi, swichi. Mtu anayebadilisha stata kabla ya kuvichungua hivyo ni kama mganga anayemng'oa jino mgonjwa wa tumbo. Fedha zimekwenda, na pikipiki bado inasema "tak!"

Wala usifikiri ni jambo la vijana tu. Siku hizi katika vijiji vyetu pikipiki ndiyo gari, ndiyo punda, na usiku ndiyo gari la wagonjwa. Mama akishikwa na uchungu saa nane ya usiku, watu hawaulizi ni pikipiki ya aina gani. Wanauliza kama itawaka. Na kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye chombo kila jioni, siku moja ya kulala kwa fundi kwake ni siku ya deni. Yafaa basi kila nyumba yenye pikipiki awepo mtu mmoja, mume au mke, kijana au binti, anayejua pa kuanzia.

Ugonjwa huu si wa leo

Mwaka 1911 Mmarekani mmoja, Charles Kettering, alibuni stata ya umeme kwa ajili ya magari, na mwaka 1912 magari ya Cadillac yakaanza kuuzwa yakiwa nayo. Kabla ya hapo dereva alisimama mbele ya gari na kuzungusha mkono wa chuma. Mkono huo uliweza kurudi nyuma kwa nguvu na kumvunja mtu mfupa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1914, kiwanda cha Indian cha mji wa Springfield, Massachusetts, kikajaribu jambo hilohilo katika pikipiki. Pikipiki yao iliitwa Hendee Special. Je, ilifaa? Haikufaa. Betri za siku zile hazikuweza kutunza umeme wa kutosha, wenye pikipiki wakachoka nazo, na kiwanda kikaiacha mwaka uleule. Kampuni ya Harley-Davidson, kwa zile pikipiki zake kubwa za magurudumu mawili, ilingoja mpaka mwaka 1965 ndipo ikatoa Electra Glide yenye kitufe. Umeona? Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kilichoishinda stata kilikuwa betri. Na hata leo, mbele ya nyumba yako, wa kwanza kushukiwa ni yeye yule.

Umeme hupita njia mbili

Kabla ya kushika spana, fahamu jambo hili moja. Ukilifahamu, mengine yote yatakuwa mepesi.

Kuna njia kubwa na njia ndogo. Njia kubwa ni ya waya mnene. Huanzia kichwa cha chanya cha betri, hufika katika kifaa kidogo kiitwacho rilei, hutoka hapo na kwenda katika mota ya stata. Kutoka kwenye mota umeme hurudi kwa kupitia chuma cha injini, kisha waya mnene mwingine, ambao mafundi huuita ethi, mpaka kichwa cha hasi. Katika njia hii umeme hupita mwingi sana kwa sekunde chache, na kwa desturi hakuna fyuzi.

Njia ndogo ni ya waya mwembamba. Hupita kwenye fyuzi, kwenye ufunguo, kwenye kitufe unachobonyeza, kwenye swichi ndogo ya klachi au ya nyutro, na mwisho hufika kwenye rilei. Kazi yake ni moja tu: kuiamsha rilei ili iunganishe ile njia kubwa. Mtoto mdogo hawezi kuvuta plau, lakini aweza kumfungulia ng'ombe mlango wa zizi. Kitufe ndicho mtoto, betri na mota ndio ng'ombe, na rilei ndiyo mlango. Ule mlio wa "tak!" unaousikia chini ya kiti au nyuma ya kifuniko cha ubavuni ni mlango unaofunguka.

Sasa ukisikia "tak!", umekwisha kujua kwamba mtoto amefika na mlango umefunguka. Njia ndogo ni nzima. Usipoteze muda kufungua kitufe wala kubadilisha fyuzi. Mwenye kosa yumo katika njia kubwa. Na usiposikia kitu, kimya kabisa, basi mara nyingi kosa li katika njia ndogo, au betri imekufa hata haina nguvu ya kumwamsha huyo mtoto.

Tega sikio

Geuza ufunguo. Tazama kama taa ya kijani ya nyutro inawaka. Piga honi. Washa indiketa. Usitegemee taa kubwa ya mbele, maana katika pikipiki nyingi hiyo hupata umeme wake injini ikiwa inazunguka tu, na utaidhania betri kufa bure. Honi ikilia kwa nguvu kama kawaida, betri ina uhai. Ikikoroma kama mzee aliyepatwa na mafua, umekwisha kumpata mgonjwa.

Kisha acha indiketa ikiwaka, na ubonyeze kitufe cha stata huku ukiitazama.

Ukisikia "taka-taka-taka-taka" ya harakaharaka, na indiketa inafifia, betri ni dhaifu au kichwa chake kimelegea. Rilei inashika, mota inaanza kula umeme, umeme unaanguka, rilei inaachia. Umeme unapanda, rilei inashika tena. Basi hucheza hivyo mpaka uondoe kidole.

Ukisikia "tak!" moja na indiketa ikazimika kabisa, halafu ikarudi baada ya kuachia kitufe, angalia vichwa vya betri na waya wa ethi. Kuna mahali palipolegea au palipoliwa na kutu. Umeme wa kuwasha taa unapenya, umeme wa kuzungusha mota haupenyi.

Ukisikia "tak!" moja na indiketa ikabaki inang'aa kama kwamba hakuna lililotokea, betri haihusiki. Umeme haufiki katika mota, au unafika na mota haiupokei. Hapo ndipo pa kushuku rilei na stata yenyewe, na tutakuja kuzisema.

Betri

Tuanze na vichwa vyake, kwani havikugharimu kitu. Fungua kiti au kifuniko cha ubavuni. Je, unaona unga mweupe au wa kijanikibichi umeota kwenye vichwa kama ukungu? Unga huo huzuia umeme. Ondoa kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Na ukirudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Utaratibu huu una sababu yake. Chuma chote cha pikipiki kimeunganishwa na hasi. Ukifungua chanya wakati hasi bado ipo, na spana yako ikagusa fremu, utaona cheche kubwa, na spana yaweza kukuunguza mkono.

Osha vichwa kwa maji ya moto kidogo yaliyotiwa magadi, vikaushe, visugue kwa msasa mpaka ving'ae, kaza barabara, halafu paka juu mafuta ya mgando ili unyevu usirudi. Fanya hivyo pia upande wa pili wa waya wa ethi, pale ulipofungwa kwenye injini au fremu. Mahali hapo husahauliwa na karibu kila mtu, kwa sababu pamejificha chini, penye tope na vumbi. Ukikuta boliti imekaa juu ya rangi au kutu, kwangua mpaka chuma cheupe kionekane. Pikipiki nyingi zilizohukumiwa kuwa stata imekufa zimepona kwa robo saa ya kazi hii.

Ikiwa vichwa ni safi na bado inakoroma, pima betri yenyewe. Mita ndogo ya umeme si kitu cha ghali siku hizi, na vijana wachache wa kijiji wakichanga waweza kununua moja ya wote. Betri ya volti 12 iliyoshiba, ikiwa imepumzika saa chache, huonyesha 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12.4 bado si mbaya. Ikionyesha 12 kamili, usidanganyike na jina lake la "betri ya 12". Hiyo ina njaa kali. Kisha mwambie mwenzako abonyeze stata wewe ukiwa umeshika mita. Volti zitashuka, ndiyo kawaida. Lakini zikishuka chini ya 10, betri imechoka, au mota imekwama na inakula umeme kupita kiasi.

Angalia sana hapo. Betri mzee yaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imelala, na mara ikipewa mzigo inaanguka mpaka 7. Ni kama mtu anayependeza akiwa amekaa kitini, lakini hawezi kubeba debe la maji. Kwa hiyo kipimo cha bila mzigo peke yake hakitoshi.

Huna mita? Kuna njia ya zamani iliyo bora kuliko zote: azima betri nzima ya jirani mwenye pikipiki ya volti 12 kama yako, uifunge kwako kwa dakika tano. Stata ikizungusha injini kwa nguvu, mota yako haina hatia, na umeokoa fedha za watu. Mrudishie jirani betri yake na shukrani.

Ikiwa betri yako ni ile ya kutiwa maji, tazama mistari iliyochorwa ubavuni. Maji yakiwa chini ya mstari wa chini, ongeza yale maji safi yanayouzwa kwa ajili ya betri. Yasiwe maji ya kisima wala ya mtoni, maana yana chumvi na madini yanayoharibu risasi iliyomo ndani. Na usiongeze tindikali! Kinachopungua kwa joto ni maji, tindikali hubaki. Wauzaji wengine huviita vyote viwili "maji ya betri", basi uliza vizuri kabla ya kulipa. Tindikali ikikurukia, osha kwa maji mengi upesi, na ikiingia jichoni endelea kuosha na kwenda zahanati mara moja. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayoshika moto kwa urahisi. Usiikaribie na sigara wala kibatari.

Neno moja juu ya betri mpya. Zile zinazouzwa kavu hutiwa tindikali dukani siku ya kuuzwa, na wengi hufungiwa palepale na kuondoka. Haifai. Baada ya kutiwa tindikali yapasa ipumzike karibu nusu saa, halafu ichajiwe polepole kwa saa kadhaa. Kiasi cha kuchaji ni kama sehemu moja ya kumi ya namba iliyoandikwa ubavuni: betri ya 5, chaji kwa nusu ampea, ya 9, chini kidogo ya ampea moja. Betri iliyokosa chaji hiyo ya kwanza hukaa nusu njaa maisha yake yote, kisha mwenyewe husema kwamba betri za siku hizi hazina maana.

Betri inayokufa kila mara

Mtu akikuambia amebadilisha betri tatu kwa mwaka mmoja, usimwuzie ya nne. Kuna kitu kinachoiua. Washa injini kwa kiki, ongeza mafuta kidogo, upime kwenye betri. Yafaa uone kati ya volti 13.5 na 14.8. Ikibaki 12 na kitu, chaji haifiki: huenda ni waya, huenda ni kile kifaa chenye mapezi kiitwacho rektifaya, huenda ni koili za kuchaji zilizo ubavuni mwa injini. Ikipanda kupita 15, rektifaya imekufa kwa upande wa pili, nayo inaichemsha betri kama uji.

Lakini mara nyingi muuaji ni mwenye pikipiki. Kijana amefunga redio, taa za rangirangi, taa mbili za kuumulika msitu mzima, na waya wa kuchajia simu za abiria. Mtambo wa kuchaji wa pikipiki ya sisi 125 au 150 ulitengenezwa kulisha plagi, taa zake na betri ndogo, si kulisha dansi. Kila jioni betri inatoa zaidi ya inachopokea. Asubuhi stata ikigoma, kijana anailaumu stata.

Ikiwa ni kimya kabisa

Taa ya nyutro haiwaki, honi hailii: tazama fyuzi kwanza. Ikiwa imekatika, tia nyingine ya namba ileile iliyoandikwa juu yake. Haipasi kutia waya wala karatasi ya fedha ya sigara. Fyuzi hukatika ili waya zisiungue. Ukiziba mahali pake kwa karatasi, kitakachoungua ni waya zote, na tangi la petroli liko hapo juu yake. Fyuzi mpya ikikatika tena, kuna waya uliochubuka mahali fulani. Anza kutafuta shingoni mwa pikipiki, pale usukani unapogeuka; waya hupindwa hapo kila kona ya barabara. Na kama pikipiki hulala ndani ya nyumba au ghalani, tafuta pia meno ya panya.

Taa zinawaka, honi inalia, lakini stata kimya: hapo cheza na swichi. Je, ile swichi nyekundu ya kuzimia injini imekaa mahali pake? Usicheke. Mtoto aliyepanda pikipiki ikiwa imesimama huichezea hiyo kwanza, na watu wazima wamesukuma pikipiki kilomita mbili kwa ajili yake. Pikipiki nyingine ina swichi katika stendi ya pembeni pia.

Kisha, bonyeza stata huku umebana klachi. Ikizunguka, na bila klachi haizunguki hata ikiwa katika nyutro, basi swichi ya nyutro au waya wake ndio mbovu. Waya huo uko chini karibu na sproketi ndogo ya mnyororo, penye matope na mafuta. Mara nyingi umechomoka tu. Ikiwa hata klachi haisaidii, ile swichi ndogo iliyo chini ya mkono wa klachi yaweza kuwa imeshiba vumbi, au kitufe chenyewe kimeota kutu ndani. Kitufe hufunguliwa kwa bisibisi, skrubu mbili au tatu. Ifanye kazi hiyo juu ya ungo au kitambaa cheupe, kwa maana ndani mna springi ndogo kama ya kalamu, nayo hupenda kuruka majanini. Sugua shaba kwa msasa laini, rudisha.

Wakati wa masika mambo haya huongezeka sana. Na wanaoosha pikipiki kwa mpira wa maji yenye nguvu, wakiuelekeza moja kwa moja kwenye swichi na maungio ya waya, wanajitengenezea masika yao wenyewe.

Rilei na mota

Tumesema: "tak!" moja, taa inang'aa, mota haisogei. Ndani ya rilei kuna kipande cha shaba kinachounganisha boliti mbili nene. Kila mara kinapogusa hutoa cheche, na baada ya miaka huungua na kuwa cheusi. Husikika kikilia, lakini hakipitishi umeme.

Mafundi hukijaribu kwa kuunganisha boliti hizo mbili kwa bisibisi nene yenye mpini wa plastiki. Mota ikizunguka, rilei ndiyo mbovu, nayo ni ya bei ndogo kuliko stata. Isipozunguka, tatizo li katika mota au waya wake. Ni jaribio zuri, lakini lina hatari zake, na hatutaki usome nusu. Pikipiki iwe katika nyutro na imesimama juu ya stendi ya katikati, maana ikiwa katika gia itaruka mbele hata ufunguo ukiwa umezimwa. Pasiwe na petroli inayovuja. Watoto wakae mbali. Cheche zitatoka, gusa kwa nguvu mara moja na kuachia, usigusegusa kwa woga, maana kugusagusa ndiko kunakoyeyusha chuma. Kama moyo wako unasita, mwachie fundi.

Ikithibitika kwamba ni mota, bado usinunue nzima. Ndani ya mota mna vipande viwili au zaidi vya kaboni vinavyosukumwa na springi, visugue shaba ya mhimili na kuupa umeme. Vipande hivyo huliwa taratibu, kama chaki ubaoni. Vikiwa vifupi mno havigusi tena, na mota hunyamaza. Dalili yake njema ni hii: ukiigonga mota polepole kwa mpini wa bisibisi huku mtu anabonyeza kitufe, inazunguka, kesho inagoma tena. Kaboni huuzwa peke yake, pamoja na springi zake. Fundi hufungua boliti mbili ndefu, husafisha shaba kwa msasa laini, hutia kaboni mpya, hurudisha. Mwambie atie alama kwenye mwili wa mota kabla ya kuifungua ili vifuniko virudi mahali pake, na mpira wa kuzuia mafuta usiachwe nje. Fundi anayekuambia "hii haifunguliki, nunua nyingine" kabla hajaigusa, mwulize kwa adabu kama ameipima.

Kuna mlio wa mwisho: "wiiiiii!" Mota inazunguka kwa furaha, injini haitikisiki. Hapa umeme wote ni mzima. Kilichoharibika ni chuma kilichoko ndani ya ubavu wa injini, ile klachi ndogo ya stata yenye rolla zinazobana upande mmoja na kuachia upande mwingine, au gia na mnyororo mdogo unaoipeleka nguvu. Rolla zimelika, au springi zake zimevunjika, au boliti zimelegea. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kuvutia sumaku ya injini, wala usimruhusu mtu yeyote kuipiga sumaku hiyo kwa nyundo. Endelea kwa kiki mpaka upate fedha, lakini ukisikia vyuma vinasagana ndani, simama. Kipande kilichovunjika chaweza kuingia penye gia.

Na kama stata inazungusha injini vizuri sana, lakini injini haiwaki, funga kifuniko cha betri. Stata imemaliza kazi yake. Nenda katika plagi, petroli na kabureta.

Mambo machache ya barabarani

Usibonyeze kitufe zaidi ya sekunde tano mfululizo. Ikikataa, pumzisha nusu dakika, kwani mota hiyo haikuumbwa kwa safari ndefu; hupata moto upesi na kuungua ndani. Ukijaribu mara nne au tano bila kitu, tumia kiki. Lakini ujue kwamba katika baadhi ya pikipiki moto wa plagi hutoka katika betri. Betri ikifa kabisa, kiki na kusukuma havitafaa, hata mwite kijiji kizima. Uliza mapema kama yako ni ya namna hiyo, ili usije ukalijua jambo hilo usiku ukiwa na mgonjwa.

Ikitokea umeachia kitufe na stata ikaendelea kuzunguka yenyewe, rilei imejigandisha. Kuzima ufunguo hakutasaidia. Kimbilia betri uchomoe waya wa hasi upesi iwezekanavyo. Kwa sababu hiyo yafaa spana ndogo, mara nyingi namba 10, na bisibisi vikae chini ya kiti daima. Weka na fyuzi mbili za akiba, kipande cha msasa, na balbu moja ya indiketa iliyofungwa waya mbili. Waya mmoja ukiushika kwenye chuma cha injini, na wa pili ukaugusisha popote panapopaswa kuwa na umeme, balbu itakuambia kama umefika au haukufika. Haitakuambia kama unatosha, kwani waya mbovu waweza kuwasha balbu na kushindwa kuzungusha mota. Lakini barabarani saa mbili za usiku, kujua mahali umeme ulipokomea ni kazi kubwa iliyokwisha kufanyika.

Betri iliyokufa usiwaachie watoto waivunje wapate risasi ya kuyeyushia vizito vya nyavu. Moshi na vumbi la risasi ni sumu mwilini, na kwa watoto wadogo zaidi. Irudishe dukani unaponunua mpya; wauzaji wengi huipokea ya zamani na kupunguza bei.